Kibaraza cha Vitabu: Mlango wa Miaka, Daftari la Baba na Kasuku wa Kindu

Toleo lililopita niliandika hapa habari za Exhalation, mkusanyiko wa hadithi tisa za kubuni za kisayansi alioutoa Ted Chiang mwaka 2019. Chiang ni Mmarekani, wazazi wake ni Wachina, amesomea kompyuta na kwa miaka mingi amekula mkate wake kwa kuandika maelezo ya matumizi ya programu. Barua zimemiminika. Nimechagua tano, na mbili kati yake nimezijibu kwa urefu kwa sababu zimenikosesha usingizi.

*

Mwalimu, shikamoo. Mwanangu alikuja likizo akaniletea kile kitabu ulichokisifu. Nikakaa nacho baada ya Isha. Hadithi ya kwanza ni ya mfanyabiashara wa Baghdad na duka la ajabu, ngano ndani ya ngano, kama Alfu Lela Ulela tulizosomewa utotoni. Roketi sikuiona, sayari sikuiona. Sayansi iko wapi? Au nimeletewa kitabu sicho?
Mama wa Mji wa Kale, Mombasa

Marahaba, dada yangu. Kitabu ni hichohicho, na sayansi umeshaisoma bila kujua.

Mwishoni mwa kitabu kuna maelezo mafupi ya mwandishi kuhusu kila hadithi. Hapo anasema kwamba katikati ya miaka ya 1990 alihudhuria mhadhara wa mwanafizikia Kip Thorne, yule aliyekuja kupata Tuzo ya Nobel mwaka 2017 kwa kazi ya mawimbi ya mvutano. Siku hiyo Thorne alieleza namna ambavyo mtu, kinadharia, angeweza kutengeneza mashine ya kusafiri katika wakati bila kuvunja kanuni za Einstein. Mashine yenyewe ina milango miwili. Unaingia huku leo, unatokea kule siku nyingine. Lakini ina sharti moja lisilokwepeka: haiwezi kukurudisha nyuma kupita siku ile ilipotengenezwa. Ukijenga mlango leo, wajukuu zako wanaweza kurudi hadi leo. Jana hawaifikii.

Sasa mrudie Fuwaad, yule mfanyabiashara wako. Mkewe Najya alikufa miaka 20 nyuma, ukuta wa msikiti ulipoporomoka, na siku ile waliagana kwa maneno makali. Mle dukani Baghdad amesimamishiwa Mlango wa Miaka mbele yake. Kwa nini asiupite pale pale akamwahi mkewe? Kwa sababu mlango ule wa Baghdad ni mpya. Miaka 20 iliyopita haukuwepo, kwa hiyo haumfikishi huko. Ulio mkongwe uko Cairo. Basi Fuwaad inambidi afunge safari hadi Cairo, aupite ule wa huko, ajikute miaka 20 nyuma, kisha aanze upya kuvuka jangwa kurudi Baghdad, na kila ngamia anayechechemea na kila siku ya kupumzika inamla moyo. Sitakwambia alifika lini. Nataka uone kitu kimoja tu: jangwa lile, kuchelewa kule, majonzi yale, yote yametokana na sharti la Thorne. Liondoe sharti hilo na hadithi inakwisha ukurasa wa tano. Hiyo ndiyo sayansi uliyoikosa ukiitafuta kwenye roketi.

Kabla ya hapo mwenye duka anamsimulia ngano tatu. Ninayoipenda mimi ni ya Ajib mfumaji. Ajib anapita mlangoni, anafika miaka 20 mbele, anajikuta mwenyewe akiwa mzee, nyumba ileile, nguo zilezile za kimaskini, lakini mle ndani kuna kasha limejaa dinari za dhahabu. Anaudhika: mali yote hii na naishi hivi? Analiiba kasha, anarudi ujanani, anaponda mali, anaoa. Kisha mambo yanamgeukia, na mwishowe anatambua kwamba lazima alijaze lile kasha tena, dinari kwa dinari, kwa miaka ya kula mkate mkavu, kwa sababu mwizi wake yuko njiani na mwizi huyo ni yeye. Niliisoma hiyo kwa sauti barazani kwangu hapa Tanga, Alhamisi moja. Mama mmoja anayekopa na kulipa vikoba kila mwezi aliinama akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akanyamaza kimya kabisa.

Sisi tumekua na msemo kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Chiang anaukubali mia kwa mia. Hakuna hata mmoja katika hadithi hiyo anayefanikiwa kubadili lililokwisha kutokea. Anachouliza ni hiki: ukijua zaidi kuhusu yaliyokwisha kutokea, wewe utabaki yuleyule?

Na kwa kuwa umetaja roketi, usikiache kitabu kabla hujasoma hadithi ya pili, ile iliyokipa jina. Nilifundisha fizikia miaka 31. Kila mwaka nilipofika kwenye somo la joto na nishati nilikuwa naingia darasani na tyubu ya baiskeli iliyojazwa upepo na kijipangaboi cha karatasi. Nafungua kidogo, upepo unatoka, kijipangaboi kinazunguka. Nawauliza wanafunzi: kinazungushwa na nini? Wanajibu: upepo. Nawaambia: upepo uko mwingi humu darasani na haukizungushi. Kinachokizungusha ni tofauti, presha kubwa ndani na ndogo nje, na tofauti hiyo ikiisha hata kama hewa ipo tele kazi hakuna. Walikuwa wanaandika. Sijui wangapi waliliamini.

Hadithi ile ni tyubu yangu, imefanywa ulimwengu. Watu wake ni wa chuma. Kila siku wanang'oa mapafu yaliyokwisha na kupachika yaliyojazwa, kama mitungi ya gesi, na kwenye vituo vya kujazia ndiko wanakopashana habari. Kisha siku ya mwaka mpya, mpiga mbiu wa mjini anakariri shairi linalochukua saa moja kamili kila mwaka, na safari hii saa ya mnara inagonga kabla hajamaliza. Saa imekaguliwa, nzima. Kuna mtaalamu anayeamua kujifungua kichwa chake mwenyewe, kwa vioo na mikono ya mashine, aone fikra zake zinaendeshwa na nini. Anakuta karatasi za dhahabu nyembamba mno zikipeperushwa na hewa, na anaelewa kwa nini wote wanaanza kufikiri polepole: presha ya nje inapanda kidogo kidogo, na tofauti inakwisha. Mimi nilifika hapo saa nane za usiku. Niliamka, nikaenda uani, nikasimama nikivuta pumzi.

*

Mwalimu mwenzangu, salaam. Nafundisha Kiswahili kidato cha nne. Kuna hadithi humo inayohusu Wativ wa Nigeria na mmisionari anayewafundisha kuandika. Nataka kuisimulia darasani tunapofika kwenye fasihi simulizi, lakini nasita. Mmarekani anaandika kuhusu kijiji cha Kiafrika ambacho hajaishi. Pia sielewi msimamo wake: kuandika kumewafaa Wativ au kumewaharibia?
Mwalimu, Iringa

Usisite, mwenzangu. Isimulie, halafu waache wanafunzi wako waibishie.

Kwa ambao hawajaisoma: hadithi ina pande mbili zinazopokezana. Upande mmoja ni mwandishi wa habari wa siku zijazo, Marekani, ambapo watu wanarekodi maisha yao yote na kuna programu inayokuletea papo hapo tukio lolote ulitakalo. Upande wa pili ni kijana Jijingi, Mtiv, wakati wa ukoloni wa Waingereza, anayejifunza kuandika kwa mmisionari aitwaye Moseby na kuwa karani wa mkuu wa ukoo. Unafika mgogoro: ukoo wao uunganishwe na upi? Jijingi anakwenda kutazama karatasi za zamani za Wazungu, anakuta nasaba iliyoandikwa miaka mingi nyuma si ile wazee wanayoisema leo.

Jambo hili halikutungwa hewani. Mwaka 1952 mwanaanthropolojia Laura Bohannan, aliyefanya utafiti kwa Wativ pamoja na mumewe Paul, aliandika juu ya nasaba zao na namna zilivyokuwa zikitumika kuamua nani na nani wasimame pamoja. Maofisa wa Kiingereza walikuwa wameziandika zamani. Baadaye Wativ wenyewe wakazikana karatasi zile na kusema zina makosa. Nasaba kwao ilikuwa inaishi. Undugu ukibadilika, ukoo unasimuliwa upya, na hakuna aliyehisi amesema uongo.

Humo kwenye hadithi Jijingi anaeleza kwamba lugha yake ina maneno mawili pale Mzungu anapotumia moja. Kuna vough, kilichotokea barabara kama kilivyotokea, ndicho shahidi anachoapa kukisema. Na kuna mimi, kilicho sawa, kinachostahili, ndicho wenye shauri wanachokisema. Neno hilo la pili limeandikwa vilevile kama mimi letu. Ni sadfa tu ya herufi, lakini nilipolisoma mara ya kwanza nilirudi nyuma mara mbili nikidhani macho yananidanganya.

Usiwaambie wanafunzi kwamba hayo ni ya Wativ peke yao. Wapeleke Kilwa. Tarikh ya Kilwa tunayo kwa njia mbili: moja ni ile ya Kireno ambayo mwanahistoria João de Barros aliiingiza kwenye kitabu chake mwaka 1552, nyingine ni ya Kiarabu, ambayo Sultani Barghash wa Zanzibar alimpa Mwingereza John Kirk nakala yake na sasa iko London kwenye Maktaba ya Uingereza. Mji mmoja, masultani walewale, lakini majina na mpangilio wa watawala havilingani. Waulize darasani ipi ni ya kweli, kisha waulize kila moja ilimfaa nani.

Mimi nina ya kwangu, na ndiyo iliyonikosesha usingizi.

Baba yangu alikuwa karani kwenye shamba la mkonge karibu na Muheza. Alikuwa na daftari la jalada jeusi aliloandika nasaba ya nyumba yetu ya Pangani, kwa hati za Kiarabu, mstari kwa mstari, kwa sababu alifundishwa kwamba karani haachi nafasi tupu. Bibi yangu, mama yake baba, alikuwa na ndugu yake tuliyemwita Bi Mdogo. Walilala chumba kimoja, walikula sinia moja, na khanga walinunua doti moja wakagawana. Ukimuuliza bibi kuhusu Bi Mdogo alikuwa na jibu moja: huyu na mimi ni tumbo moja, ziwa moja.

Bibi alifariki mwaka 1983. Kwenye arobaini yake ilitakiwa kuwarehemu wazee wote kwa majina, na ami yangu akaliomba daftari la baba asome. Akawa anasoma jina, watu wanaitikia. Akafika kwa mama yake Bi Mdogo. Alisoma jina, na kabla hajauzuia ulimi wake akasoma na neno lililoandikwa mbele yake: mjakazi.

Utumwa Tanganyika ulikomeshwa kisheria mwaka 1922. Bi Mdogo alikuwa amezaliwa kabla ya hapo, ndani ya nyumba ile, na mtumwa wa nyumba ile. Mama yao hakuwa mmoja. Mimi nilikuwa na miaka 26, mwalimu mpya, na hilo sikuwahi kulisikia. Bi Mdogo mwenyewe alikuwa amekaa kwenye jamvi pale mlangoni, tasbihi mkononi. Hakuna aliyemtazama. Ami alikuwa ameshika ukurasa, mkono unamtetemeka. Ndipo Bi Mdogo akasema, kwa sauti ileile aliyokuwa anatuitia chai: "Soma mwanangu. Hayo tulikuwa tunayajua sote wawili."

Sentensi ile ndiyo inayonifanya nisikubaliane na Chiang mahali pamoja. Katika hadithi yake, mkuu wa ukoo anashikilia nasaba ya wazee dhidi ya karatasi, na msomaji anaweza kuondoka akidhani kwamba watu wasioandika husahau, kisha hujaza pengo kwa lile linalowafaa. Bibi hakuwa amesahau kitu. Wote wawili walijua vough neno kwa neno. Walikaa na ujuzi huo miaka 60 na kila siku wakachagua mimi. Tumbo moja, ziwa moja: hiyo ilikuwa kazi, na ilifanywa na wanawake wawili kila asubuhi.

Upande wa Marekani wa hadithi nao ukausome polepole. Baba mmoja kwa miaka mingi anakumbuka bintiye alivyomtupia maneno ya kumuumiza, kwamba yeye ndiye aliyemfukuza mama yake. Anatafuta rekodi. Anakuta maneno yale yalisemwa, ila aliyeyasema ni yeye, akimwambia mtoto. Hapo vough inamuokoa, kwa sababu bila rekodi asingepiga magoti. Kwa hiyo ukiniuliza kuandika kunafaa au kunaharibu, naona Chiang amekataa kwa makusudi kuchagua, na ni sahihi kukataa. Ninalomlaumu ni kwamba serikali ya kikoloni, iliyokuwa na sababu zake za kutaka koo zijipange kwenye karatasi, imepita kwa sauti ya chini mno, na Moseby ni mpole kuliko wengi tuliosikia habari zao kwa wazee wetu. Hilo nalo liwe swali la darasani.

Daftari ninalo mimi sasa. Usiku ule wa arobaini baba aliongeza kwa kalamu ya wino wa bluu, pembeni ya jina la Bi Mdogo: dada yake mama. Neno la mbele ya jina la mama yake hakulifuta.

*

Mwalimu, eti huyu Chiang ndiye aliyeandika ile filamu ya wageni wenye miguu saba? Kaka yangu anabisha.
Kijana wa Michenzani, Zanzibar

Mwambie kaka umeshinda, ingawa filamu yenyewe iliandikwa na mtu mwingine kutokana na hadithi yake. Hadithi inaitwa Story of Your Life, ilitoka mwaka 1998, na imo kwenye mkusanyiko wake wa kwanza wa mwaka 2002. Filamu, Arrival, iliongozwa na Denis Villeneuve na ilitoka mwaka 2016.

Ukipata nafasi soma hadithi, kwa sababu ina kitu ambacho filamu haiwezi kukionyesha na ambacho sisi wa Kiswahili tunacho mkononi. Mama mtaalamu wa lugha anajifunza maandishi ya wale wageni, na polepole anaanza kuyajua maisha yake yote kwa pamoja, yaliyopita na yajayo. Anamsimulia bintiye mambo ambayo bado hayajatokea, lakini kwa namna ya mtu anayekumbuka. Tulijaribu kutafsiri kurasa chache barazani, tukakwama palepale. "Nakumbuka ulipokuwa" inasema imepita. "Nakumbuka utakapokuwa" inasema inakuja, na sikio linagoma. Tulibishana hadi maghrib. Mzee mmoja mstaafu wa bandari, ambaye kwa kawaida huja kunywa kahawa tu, akasema: "Si useme uwapo?" Nakukumbuka uwapo na miaka mitatu. Uwapo mgonjwa. Uwapo bibi harusi. Hakuna -li-, hakuna -ta-. Mashairi yetu ya zamani yamejaa umbo hilo, na shuleni tunalifundisha kwa dakika kumi tukiliita urejeshi usio na wakati, kisha tunaliacha. Niliandika ubaoni, watu wakapiga makofi. Yule mzee aliona haya.

*

Jambo Mwalimu. Mimi niko Kindu, Maniema. Hapa mjini tuna komini inayoitwa Kasuku, na kasuku wenyewe, wa kijivu wenye mkia mwekundu, nimewaona wakipita kwenye vizimba vya miti wakienda kuuzwa mbali. Ulisema kitabuni mna hadithi inayosimuliwa na kasuku. Ni huyu wetu?
Msomaji, Kindu

Ndugu yangu wa Kindu, anayesimulia si wenu, lakini wenu yumo, na ndiye aliyeniliza.

Msimulizi ni kasuku wa Puerto Rico, wa kijani, mwenye wekundu kidogo juu ya mdomo. Mwaka 1975 walikuwa wamebaki 13 tu porini. Karibu na msitu wao, Arecibo, binadamu walijenga sikio kubwa la kusikiliza nyota, sahani yenye upana wa mita 305. Mwaka 1974 kutoka hapo walirusha ujumbe kwenda kwenye kundi la nyota lililo mbali kiasi cha miaka 25,000 ya mwendo wa mwanga, wakitumaini kuna mwenye akili atakayesikia. Kasuku anauliza, bila hasira: kwa nini mnatafuta mbali wenye akili wa kuzungumza nao, na sisi tuko hapa tunazungumza? Hadithi ni fupi, kurasa chache, na iliandikwa awali kuambatana na kazi ya video ya wasanii Allora na Calzadilla.

Wenu ni Alex. Alikuwa kasuku wa kijivu, ndege wa misitu inayoanzia Afrika Magharibi, ikapita kwenu Kongo na Uganda hadi magharibi mwa Kenya. Mwanasayansi Irene Pepperberg alimnunua dukani Chicago mwaka 1977 na akafanya naye kazi miaka 30. Alex alijifunza zaidi ya maneno 100, alitaja rangi na maumbo, alihesabu hadi sita, na aliweza kusema vitu viwili vinafanana kwa nini na vinatofautiana kwa nini. Alikufa Septemba 2007. Usiku wake wa mwisho, Pepperberg alipokuwa anaondoka maabara, Alex alimuaga kama alivyomuaga siku zote: kwamba awe mwema, na kwamba anampenda. Hilo si la kubuni. Chiang amelichukua lilivyo.

Uliyoyaona kwenye vizimba yanauma zaidi ukishajua hayo. Mwaka 2016 mataifa yalikubaliana kuipiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku wa kijivu wanaokamatwa porini. Nawe unajua kuliko mimi marufuku hufika mtoni kwenu ikiwa na nguvu kiasi gani. Na lile sikio la Arecibo liliporomoka tarehe 1 Desemba 2020, miaka mitano baada ya hadithi kuchapishwa. Ukisoma sasa, kasuku bado wapo na sikio halipo tena.

Ombi langu kwako: wazee wa Maniema wana ngano za kasuku. Ziandike, unitumie, kwa Kiswahili chenu cha huko hukohuko, usikibadilishe.

*

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa chuo hapa Nakuru. Mwaka huu nimeandika hadithi 14 za kisayansi kwa Kiswahili. Rafiki zangu wanasema Kiswahili hakifai kwa mambo haya. Nimeambatanisha ile ninayoipenda zaidi, ya simu inayopokea jumbe za M-Pesa za kesho. Nisaidie.
Mwandishi chipukizi, Nakuru

Hao rafiki zako wape Walenisi ya Katama Mkangi, ya mwaka 1995. Mkenya mwenzenu, Kiswahili safi, na mhusika wake anarushwa na chombo hadi ulimwengu mwingine. Wakimaliza hawatakwambia tena hilo.

Nimefurahi una hadithi 14, lakini sikia hili. Mikusanyiko yote miwili ya Chiang ina hadithi 17 kwa pamoja, na hadithi yake ya kwanza ilichapishwa mwaka 1990. Mwaka 2003 mojawapo iliteuliwa kuwania Tuzo ya Hugo, tuzo kubwa kabisa ya fani hii, naye akaiondoa mwenyewe kwa sababu aliona iliharakishwa na haikuwa imefika alipotaka. Liweke hilo moyoni utakapotaka kuandika ya 15.

Nimesoma ya simu mara tatu. Wazo ni zuri sana, na ni letu. Mtu wa Baghdad wala wa New York asingeliota. Lakini ukurasa wa pili ujumbe unatangulia siku moja, wa saba unatangulia wiki, wa tisa unatoka mwaka 2090. Chagua siku moja na usitoke hapo, hata hadithi ikikubana. Hasa ikikubana. Yule profesa na maabara yake ya Nairobi mwondoe, hakuna anayemhitaji. Kurasa mbili za mwanzo futa. Anzia pale mama mboga, saa kumi na moja alfajiri, kabla hajafungua kibanda, anaposoma kwamba kesho saa nne atapokea shilingi 60,000 kutoka kwa mwanawe ambaye hajampigia simu miaka minne. Umeandika kwamba alifurahi. Sidhani. Kaa naye pale kibandani siku nzima, muone anauza vipi sukuma wiki, anakwenda kukopa au hakopi, anamwambia mume wake au anamficha. Je, anampigia mwanawe kabla pesa hazijafika, au anaogopa kwamba akipiga hazitakuja, ingawa umeshasema hapo juu kwamba ujumbe haukosei kamwe? Hapo kwenye kidole chake juu ya ile namba ndipo hadithi yako ilipo, na wewe umepita hapo kwa mstari mmoja. Iandike tena, uniletee kabla ya Ramadhani.